Mheshimiwa Waziri, naomba swali la thamani liulizwe kabla ya zege

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Najua meza yako haikosi majalada, na najua kila anayekuandikia huona jambo lake ndilo zito kuliko yote. Sithubutu kudai hivyo. Naomba tu kwamba utakapopata nafasi, labda ukiwa safarini kati ya Dodoma na Dar es Salaam, uisome barua hii ya mzee aliyefanya kazi ya uhandisi wa barabara kwa miaka thelathini na minne, na ambaye haombi chochote kwa ajili yake mwenyewe. Kuiandika hadharani si utovu wa adabu, wala si njia ya kukushinikiza. Nimeona jambo lenyewe linawagusa wengi, na ni vyema wahandisi vijana, wakandarasi, madiwani na wananchi wanaolipa kodi walisome pamoja nawe.

Ninaishi Magomeni Mapipa, ukingoni mwa bonde la Jangwani. Masika yakikolea huwa natoka asubuhi na mwavuli wangu kwenda kuyatazama maji. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Kisarawe na Pugu, unazoa mchanga, takataka na maji ya mapaa ya mitaa isiyohesabika, unapita chini ya Barabara ya Morogoro, kisha unakwenda kumwaga yote baharini pale Daraja la Salenda. Nimeshuhudia mara nyingi askari wa usalama barabarani wakiweka vizuizi pande mbili za bonde, mabasi ya mwendokasi yakigeuza, na kina mama wenye mizigo ya Kariakoo wakisimama wasijue waende wapi. Desemba 2011 watu zaidi ya arobaini walipoteza maisha katika mafuriko ya jiji hili, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo tabia ya mto huu haikuwa siri kwa mtu yeyote.

Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza safari, nilikuwa miongoni mwa waliopanda siku za mwanzo, na nakiri kwamba nilishuka Kivukoni nikiwa na furaha ya mtu aliyeuona mji wake ukikua. Kilomita 20.9 za njia ya peke yake, vituo vilivyoinuliwa, safari ya Kimara iliyokuwa ikila saa mbili sasa ikawa fupi. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lenyewe. Misimu ya mvua ikaja, maji yakaingia karakanani, mabasi yakaharibika, na huduma ikawa inasimama siku za mvua kubwa, ambazo ndizo siku abiria analihitaji basi kuliko siku nyingine zote.

Naomba sana, Mheshimiwa, nisieleweke kwamba namnyooshea mtu kidole. Ukikitazama kila kipande peke yake, unaona kazi ya watu waliojua wanachofanya. Njia za mabasi zilimwagwa zege imara. Vituo vilipangwa kwa akili. Hata kiwanja cha karakana, nikijaribu kukaa kwenye kiti cha aliyekichagua, naweza kuifikiria hoja yake: eneo kubwa la wazi, karibu na katikati ya jiji, kando ya njia yenyewe. Kilichokosekana, kwa maoni yangu ya kawaida, ni meza moja ambayo mto nao ungekuwa na kiti.

Meza hiyo ndiyo ninayokuja kuiomba. Wenzetu wanaiita kwa majina mawili, uhandisi wa mifumo na uhandisi wa thamani, na kwa idhini yako nitajaribu kueleza yote mawili kwa lugha ya saiti.

Uhandisi wa mifumo ni kukubali kwamba barabara, mto, bomba la maji, nguzo ya umeme, basi, dereva, fundi wa matengenezo na bajeti ya huyo fundi ni kitu kimoja. Kabla hujachora kipande chochote unaandika kwanza jambo ambalo kitu hicho kizima kinatakiwa kulifanya, kwa nani, siku za jua na siku za mvua, mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini. Kisha kila hitaji unalipatia mwenyewe wa kulisimamia na kipimo cha kulithibitisha. Zaidi ya yote, unayachunga maungio, yaani mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine. Katika miaka yangu yote kazini, kazi mbovu kabisa nilizoziona ni mara chache ziliharibikia katikati ya kipande. Ziliharibikia kwenye maungio. Lami mpya inang'aa, mwezi wa tatu wanakuja watu wa maji na sururu kuikata ili wapitishe bomba. Daraja limekamilika, barabara ya kuliunganisha bado inasubiri fidia. Taa za barabarani zimesimama, umeme haujaletwa. Hakuna aliyekosea katika eneo lake, na hakuna mwenye eneo la katikati.

Si sisi peke yetu. London walichimba mahandaki ya reli yao mpya ya chini ya ardhi, Crossrail, wakayamaliza 2015, kazi ngumu ya kupita chini ya mji mzee bila kuuangusha. Reli ilitarajiwa kufunguliwa Desemba 2018. Ikafunguliwa Mei 2022. Zege halikuwa tatizo lao kuu. Walikwama kwenye kuunganisha treni, mifumo mitatu tofauti ya ishara na vituo vyenye maelfu ya vifaa vinavyotakiwa kuongea lugha moja. Ikiwa nchi yenye uzoefu wa reli wa karibu karne mbili ilijikwaa kwenye maungio, sisi tunaojenga reli ya kisasa, mabwawa na madaraja kwa wakati mmoja tuna kila sababu ya kuyatazama kwa macho mawili. Waholanzi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, waliandika mwongozo wao wa uhandisi wa mifumo kwa barabara, reli na maji mwaka 2007, nao uliandikwa kwa pamoja na wakala wa serikali na shirika la reli. Hilo la kuandika pamoja, Mheshimiwa, ndilo linalonivutia kuliko mwongozo wenyewe.

Uhandisi wa thamani una historia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya General Electric ya Marekani ilikuwa inahangaika kupata malighafi, kwa sababu chuma, shaba na vingi vinginevyo vilikuwa vimechukuliwa na vita. Mhandisi mmoja wa idara ya ununuzi, Lawrence Miles, aligundua kwamba akienda sokoni kuuliza, "Mnacho kifaa hiki?" anajibiwa hakuna. Akaanza kuuliza swali jingine: kifaa hiki kinafanya kazi gani, na ni kitu gani kingine kinaweza kuifanya kazi hiyo? Mara nyingi alichopata kilikuwa rahisi zaidi, na mara nyingine kilikuwa bora zaidi. Baada ya vita, mwaka 1947, aliigeuza tabia hiyo kuwa njia rasmi.

Moyo wa njia ya Miles ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuuandika kiganjani. Kila kitu kwenye mradi kitajwe kwa kazi yake, kwa maneno mawili: kitendo na jina. Ukuta wa kando ya barabara unaitwa "kuzuia udongo". Kalavati ni "kupitisha maji". Tabaka la kokoto chini ya lami ni "kubeba mzigo". Ukishaliondoa jina la kitu ukabaki na kazi yake, akili inafunguka. Anayejenga ukuta atakutajia aina tatu za kuta. Aliyeambiwa azuie udongo anaweza kukuambia laza mteremko, panda nyasi, hamisha barabara mita nane, na ukuta hauhitajiki kabisa. Baada ya hapo kila kazi unaipa gharama yake, na kuihesabu gharama hiyo kwa umri wote wa kitu, tangu kujenga, kutunza, kukarabati, hadi siku ya kubomoa. Thamani, kwa hesabu ya Miles, ni kazi ukiilinganisha na gharama hiyo yote. Ukipunguza gharama na kazi ikapungua pamoja nayo, umebadilisha bidhaa tu, thamani hujaiongeza.

Mheshimiwa Waziri, neno thamani si geni kwako wala kwetu. Hapa kwetu hakuna hotuba ya miradi isiyo na "thamani ya fedha". Kila mwaka Mwenge wa Uhuru unapokimbizwa, kiongozi wa mbio anakagua miradi, anapima kwa futi kamba, anauliza nyaraka, na wakati mwingine anakataa kuweka jiwe la msingi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali analiuliza swali hilo hilo kwenye taarifa zake, na wabunge wanalirudia bungeni. Nawaheshimu wote hao kwa dhati, na sitaki wapunguze ukali wao hata kidogo. Ninachokileta mbele yako kwa unyenyekevu ni kwamba wote wanauliza baada ya zege kukauka. Wanaweza kugundua kwamba nondo zimepunguzwa au kwamba bei ilizidishwa. Hawawezi tena kugundua kwamba jengo lenyewe lilitakiwa kuwa mahali pengine, au kwamba halikuhitajika.

Mradi ukiwa bado karatasi, kuhamisha karakana kutoka bondeni ni kazi ya kifutio na jioni moja. Ikishajengwa, kuihamisha ni mradi mwingine wenye mkopo wake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zilizomo ni kuinua Barabara ya Morogoro juu ya mafuriko kwa daraja jipya pale Jangwani na kuiondoa karakana ya mabasi bondeni. Sitendi haki nikisema mkopo huo uliletwa na karakana. Bonde lina maradhi ya miaka mingi, na maelfu ya kaya zilikuwa hatarini. Lakini sehemu ya fedha hizo inalipia swali ambalo lingeweza kuulizwa bure.

Hapa naomba nisimulie kosa langu mwenyewe, kwa sababu sioni haki kuwapigia wengine mifano ya Jangwani na London huku la kwangu nimelificha.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhandisi kijana kwenye barabara moja ya changarawe iliyokuwa inapandishwa hadhi kuwa ya lami. Fedha zilikuwa zimebana. Tukaambiwa tutafute pa kupunguza. Nikayapitia makalavati. Msanifu alikuwa ameweka ya kipenyo cha milimita 900 kila mahali, hata kwenye vijito ambavyo hesabu za maji zilionyesha milimita 600 inatosha na inabaki. Nikayapunguza yale ya vijito vidogo, karibu thelathini, nikaandika maelezo mazuri yenye hesabu zisizo na kasoro, na mkubwa wangu akanisifu mbele ya wenzangu. Kupitisha maji? Yanapita. Nilijiona nimefanya uhandisi wa thamani, ingawa wakati ule hata jina lake sikulijua.

Nilirudi kwenye barabara ile mvua ya tatu baada ya kukabidhiwa. Makalavati mengi kati ya yale niliyoyapunguza yalikuwa yamejaa matope hadi nusu, mengine yameziba kabisa, na sehemu mbili maji yalikuwa yamepanda juu ya tuta na kulikata. Nilimkuta kibarua wa matengenezo amekaa ukingoni na koleo lake. Nikamuuliza, kwa sauti ya mkubwa, kwa nini hazibui. Akanitazama bila hasira, akaniambia, "Mhandisi, humu mimi siingii." Akaniomba nijaribu mwenyewe. Nilipiga magoti, nikaingiza kichwa na bega moja, nikaelewa. Kalavati la milimita 900 mtu anaingia kwa kutambaa na ndoo yake. La milimita 600 haingii mtu wala koleo la mpini mrefu halipindi. Lile 900 lililoonekana kuzidi mahitaji lilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuandikwa popote kwenye mchoro: kuruhusu usafi. Msanifu aliijua. Kibarua aliijua. Mimi niliyekuwa katikati yao, mwenye kalamu ya kusaini, sikuijua, na sikumuuliza hata mmoja wao.

Gharama ya kurudisha tuta lile sehemu mbili, pamoja na siku ambazo magari ya abiria yalisimama, sikupata kuihesabu. Niliogopa kuihesabu.

Ndiyo maana napata wasiwasi, Mheshimiwa, ninaposikia maneno "uhandisi wa thamani" yakitumika kumaanisha kupunguza bei. Mwaka 2017 jengo la makazi la Grenfell mjini London liliungua, watu 72 wakafa. Wakati wa ukarabati, vibao vya zinki vilivyokusudiwa kufunika kuta za nje vilibadilishwa kwa vya bei nafuu vya alumini vyenye plastiki ndani, na vile vikawa njia ya moto kupanda jengo zima. Badiliko hilo lilikuwa miongoni mwa hatua za kubana gharama, na hatua hizo ziliitwa kwa jina hili hili ninalokuletea. Miles asingelitambua. Kazi ya kibao cha nje si kupendezesha jengo peke yake, na mtu yeyote aliyekaa na orodha kamili ya kazi zake angeandika juu kabisa: kutobeba moto. Ninaposema nataka swali la thamani liulizwe, naomba uniamini kwamba siombi mkasi. Naomba swali.

Upande mwingine wa shilingi nao una uchungu wake. Kwenye mradi mwingine niliousimamia, mkandarasi alileta pendekezo zuri. Kokoto za tabaka la chini ya lami zilitakiwa kusombwa kutoka machimbo yaliyokuwa zaidi ya kilomita tisini. Yeye akasema, kazi ya tabaka hili ni kubeba mzigo, na kifusi cha jirani kikichanganywa na saruji kwa kipimo sahihi kinaubeba. Akaleta vipimo vya maabara. Akakubali kubeba majukumu ya nyufa zikitokea. Mimi niliona hoja yake ni ya kweli. Pendekezo lilikaa kwenye jalada miezi mitano, likitoka meza hii kwenda ile, kisha likarudi limeandikwa "tufuate mkataba". Aliyeandika maneno hayo hakuwa mvivu wala mla rushwa. Aliniambia faraghani, "Nikikubali ikapungua bei, mkaguzi ataniuliza kwa nini nilikubali kitu cha chini. Nikikataa, haniulizi mtu." Malori yakaendelea kusomba kokoto, yakaivunja barabara ya wilaya yaliyokuwa yanaipitia, nayo ikaja kukarabatiwa kwa fungu jingine.

Na sheria za mikataba yetu hazikatazi mapendekezo kama hilo. Miradi mingi mikubwa inatumia masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi yanayojulikana kama FIDIC, na Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 kina kifungu kizima, cha 13.2, kinachompa mkandarasi nafasi ya kuleta pendekezo la namna hii wakati wowote. Kama pendekezo linabadili usanifu na bei ikapungua, mkandarasi anapata nusu. Lakini nusu ya nini? Hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi wake. Kwanza unachukua punguzo la bei ya mkataba, kisha unatoa thamani yoyote ambayo mwenye mradi ataipoteza katika ubora, umri wa kazi au ufanisi wa matumizi. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kalavati langu la milimita 600 lisingepita hapo, kama kungekuwa na mtu wa kukihesabu kile kilichopotea. Kifungu kipo, kimesainiwa, na kwa uzoefu wangu kinalala usingizi.

Marekani waliona kwamba hiari haitoshi. Mwaka 1995 sheria yao iliagiza kila mradi mkubwa wa barabara kuu zao za kitaifa unaofikia dola milioni 25 ufanyiwe kwanza uchambuzi wa thamani. Mwaka 2012 kiwango kikapandishwa hadi dola milioni 50 kwa barabara na milioni 40 kwa madaraja. Yaani uchambuzi hautegemei kama meneja wa mradi ameamka na moyo mkunjufu. Hali ya Marekani si yetu na siombi tunakili viwango vyao. Ninalopenda ni kwamba swali limepewa tarehe.

Sitaki pia nionekane nafikiri kwamba mambo haya yanajulikana ng'ambo peke yake. Mwaka 2018 mpango wa bonde la Msimbazi uliandaliwa kwa mfululizo wa warsha zilizowakalisha pamoja wataalamu wa maji, wapangaji miji, wizara na mamlaka mbalimbali, viongozi wa mitaa na wakazi wa bondeni. Waliutazama mto kuanzia vilimani hadi baharini. Ndiyo maana mpango uliotoka haukuishia kwenye daraja. Una miti na matuta ya kupunguza mmomonyoko huko juu, mahali pa kutulizia mchanga, bustani mahali ambapo maji yataruhusiwa kutandaa, na daraja. Daraja peke yake, mto ukiendelea kujazwa mchanga kutoka juu, lingekuwa fupi baada ya miaka michache. Huo ni uhandisi wa mifumo na wa thamani kwa pamoja, umefanyika hapa Dar es Salaam, na watu waliovaa kandambili wakiwa mezani. Ulifanyika, hata hivyo, baada ya maafa. Ombi langu lote linaweza kuingia katika sentensi moja: kilichofanyika Msimbazi baada ya maji, kifanyike kwenye kila mradi mkubwa kabla ya maji.

Nikuombe radhi kwa kuingia sasa kwenye mambo ya utekelezaji, ambayo wataalamu wako wanayajua kuliko mimi.

Naomba, kama utaona inafaa, kwamba mradi wowote unaozidi kiwango ambacho wizara itakiweka usitangaziwe zabuni mpaka umekaliwa kikao cha siku tano. Wakati mzuri ni pale usanifu wa awali umekamilika na usanifu wa kina haujafungwa, maana ukisubiri michoro yote iishe kila mtu ameshaipenda kazi yake. Anayeongoza kikao asiwe aliyesanifu mradi, na msanifu awepo, asikilizwe kwa heshima, kwa sababu mara nyingi lile linaloonekana kuzidi lina sababu yake. Wawepo watu wa maji, wa umeme, wa bonde la mto, wa halmashauri itakayoachiwa barabara. Siku ya kwanza wasizungumze suluhisho lolote. Waandike kazi tu, kitendo na jina, mpaka ukuta ujae karatasi. Mwisho wa siku ya tano kila pendekezo liwe na gharama ya umri mzima, na kila punguzo lieleze kwa maandishi kazi gani imeguswa na nani amekubali.

Kuna barabara ambazo kikao kama hicho kingebadilisha hata swali. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakajikuta wametenganishwa na jiji kwa siku kadhaa. Waliolazimika kusafiri walizunguka Songea. Ukiiita barabara ile "kupitisha magari", utaisanifu kwa idadi ya magari, ambayo si kubwa. Ukiiita "kuunganisha kusini", makalavati na madaraja yake unayapimia mvua nyingine kabisa, kwa sababu njia ya pili haipo karibu.

Naomba pia, na hili naliona zito kuliko siku tano zenyewe, kwamba mhandisi aliyekubali pendekezo kwa kufuata utaratibu huo akingwe. Waraka mmoja wenye saini yako, uliokubaliwa na wakaguzi mapema, ukisema kwamba uamuzi uliofanywa kikaoni kwa vipimo na maandishi hautahesabiwa kuwa kosa la mtu mmoja, ungeamsha kifungu cha 13.2 kutoka usingizini kuliko semina mia. Vijana wetu wana akili za kutosha. Wanaogopa, na hofu yao ina sababu.

Najua utaulizwa kuhusu muda. Siku tano kwenye mradi wa miaka mitatu ni chache kuliko siku ambazo mkandarasi hukaa akisubiri nguzo za umeme zihamishwe. Utaulizwa pia kuhusu gharama, na hapo nina neno dogo la kutoa. Mimi na wastaafu wenzangu wanne tuko tayari kuja kukaa kwenye kikao cha kwanza, popote nchini, kwa nauli zetu wenyewe. Chagua mradi mmoja, hata mdogo, ambao zabuni yake bado. Tutakaa nyuma, tutaandika kazi kwenye karatasi pamoja na vijana, na tukiambiwa tunyamaze tutanyamaza.

Ila nina ombi moja kuhusu viti, na naomba usilione dogo. Viti vya mbele vitajaa bila shida. Tafadhali agiza kiachwe kimoja kwa ajili ya mtu wa matengenezo wa barabara ile, yule mwenye koleo, alipwe posho yake ya siku tano kama wengine, na siku ya makalavati aulizwe yeye kwanza.

Nabaki, kwa heshima zote,

Wako mtiifu,
Mhandisi mstaafu,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam.